Daftari la Uniti

Mali bila daftari hupotea bila habari:
ndivyo alivyoandika marehemu juu ya jalada,
kwa wino wa buluu, kwa hati ya ukarani
aliyoizoea bohari ya reli
akihesabu misumari ya watu wengine.
Chini yake: Luku. Ngamiani, Barabara ya Kumi na Tatu.

Kila usiku baada ya Isha
alisimama mbele ya mita, miwani puani,
kama mtu anayempima mgonjwa homa.
"Kumi na nne nukta mbili."
Akaandika. Akazima taa ya ukumbini,
na mimi nimo humohumo, ungo mapajani,
mchele nusu umechambuliwa, nusu una mawe.

Nilimwita bahili.
Mbele ya shoga zangu nilimwita Bwana Zima,
tukacheka mpaka kahawa ikamwagika.

Eda imekwisha. Leo nimelifungua.

Nilitazamia namba tupu. Kumbe pembeni
kuna vijineno, vimebanana kama dagaa:

Mei 3. Mbili na nusu kwa siku moja. Pasi.
Harusi ya Zuhura. Halali yao.

Juni 19. Runinga imezimwa, haijalala.
Kile kidoti chekundu ni funza. Kinakula taratibu.

Agosti. Nimebadilisha balbu za njano, zote sita.
Mwanamvua hakuniona nikipanda stuli.
Goti.

Agosti tena. Zimepungua, alhamdulillahi.
Zilizobaki: changu wa Ijumaa.

Nikalishusha daftari.
Changu wa Ijumaa! Miaka mitatu
nikidhani ana mvuvi anayemdai,
nikimpaka samaki nazi, nikimkamulia ndimu,
nisijue kuwa ninachokaanga
ni lile giza la ukumbini.

Siku za tokeni nilimsomea, yeye akibonyeza.
Nne, sufuri, saba, saba.
"Polepole, Mwanamvua, hizi si tasbihi."
Namba ishirini, vichwa viwili ukutani,
pumzi yake ina karafuu.
Hilo hakuliandika. Nimelitafuta kila ukurasa.

Ila kuna safu moja, kulia kabisa,
yenye herufi S, na fedha chini yake:
elfu tatu, elfu saba, elfu mbili na mia tano.
Mwezi wa Ramadhani, sufuri.
S.
Nikamkumbuka Sabiha wa Chumbageni,
yule aliyempikia kabla yangu.
Nikakaa na S ile usiku kucha,
mjane mzima, nina wivu na herufi.

Alfajiri ndipo nikafika ukurasa wa mwisho:
Jua la mji huu linakausha nguo na mkonge,
kisha linashuka zake, halijaulizwa kitu.
Nimeuliza bei ya sola. Hazijatimia.
Kopo liko nyuma ya kabati. M. asijue.

Kopo la maziwa. Noti zimekunjwa
kama tiketi za treni.
Zilipungua elfu themanini.
Nikaliuza friza, lile jitu la sebuleni
lililonguruma usiku kucha likigandisha vipande vinne vya barafu.
Siku alipolileta kaka yangu, marehemu aliandika
neno moja tu: Msiba.

Fundi alikuja na baiskeli, binti mwembamba,
Nuriati, ngazi begani, misumari mdomoni.
Akatembea juu ya bati langu kwa adabu
kama anayepita mbele ya mtu anayeswali.
"Bibi, paneli itazame huku, ule mnazi unaiba saa mbili."
Tukaukata kuti, hatukuukata mnazi.

Usiku wa leo, baada ya Isha,
nimesimama mbele ya mita na miwani yake.
Kumi na tisa nukta sita.
Jana: kumi na tisa nukta sita.

Nimeiandika tarehe, mkono wangu mbaya,
herufi zinapanda mlima.
Pembeni nimeandika: Taa ya ukumbini inawaka.
Ni ya jua. Sijazima.

Nikamaliza kuchambua mchele wote.

Kisha nikainuka, nikazima.